Pesa ya nyumba kwa peislipu: mliuliza itarudi lini

Mwezi huu maswali ya sako na mikopo ya simu nimeyaweka kando kidogo, juu karibu kila barua iliyoingia ilikuwa inauliza kuhusu hii pesa ya nyumba, yaani ushuru wa nyumba wa hapa Kenya, ile 1.5% inayotoka kabla mshahara haujakufikia. Wengine mmeuliza kwa upole, wengine mmenitukana kana kwamba ni mimi nakata. Zinazofanana nimeziunganisha.

Swali: Mhariri habari. Mimi ni muuguzi huku Nakuru, nimeanza kukatwa pesa ya nyumba Julai 2023. Tulivoambiwa kazini ni ati hiyo ni akiba, na ukimaliza miaka saba kama hujapata nyumba unarudishiwa yote na riba juu. Sasa nataka kujua naangalia wapi balansi yangu, maana NSSF, ile akiba ya uzeeni, naweza kuangalia lakini hii siioni mahali popote. – *Muuguzi, Nakuru*

Jibu: Dada, nitakupa jibu gumu kwanza alafu tuongee. Hauna balansi. Hakuna akaunti yenye jina lako huko ndani, na hiyo pesa hairudi, si baada ya miaka saba wala sabini. Hii ni kodi. Unapolipa ushuru kwa kadi ya simu hauendi kuuliza KRA, wakusanya ushuru, utarudishiwa lini, na hii nayo ni hivo hivo tu, isipokuwa imeandikwa jina la nyumba ndio maana inachanganya watu.

Lakini hiyo stori ya miaka saba wenzako hawakuitoa hewani. Ilikuwepo. Mswada wa Fedha wa 2023 ulivyoletwa bungeni mara ya kwanza ulisema mfanyakazi akatwe 3%, mwajiri aongeze 3%, jumla isipite shilingi 5,000 kwa mwezi, na ukikaa miaka saba bila kupata nyumba unaweza kupewa mchango wako. Hapo kweli ilikuwa akiba, ya lazima lakini akiba. Kabla ya hapo, Sheria ya Fedha ya 2018 nayo ilikuwa na mfuko kama huo, 1.5% kwa 1.5% na kikomo kile kile cha 5,000, ukasimamishwa na korti Desemba mwaka huo huo kabla haujakata mtu.

Sasa bunge 2023 lilifanya nini? Likapunguza 3% ikawa 1.5%, watu wakapiga makofi, kumbe kwa mkono ule mwingine likafuta kikomo cha 5,000 na likafuta kile kipengele cha kurudishiwa. Ikabaki ushuru. Wengi walisikia habari ya kupunguziwa na hawakusikia hiyo nyingine, na mimi nasema serikali haikujisumbua sana kuwarekebisha, maana neno "akiba" linamezeka kuliko neno "kodi". Mpaka leo ukikaa kwa matatu utaskia mtu mzima anahesabu vile atapewa zake 2030.

Kwa hivyo hiyo hela usiiweke kwa mipango ya karo ya mtoto. Ihesabu kama PAYE, ile kodi ya mshahara, imeenda.

Swali: Mbona kuna miezi mwanzo wa 2024 sikukatwa alafu wakarudi? Kuna mtu alikula? – *Karani, Thika*

Jibu: Hakuna aliyekula hapo, ni korti. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema ule ushuru ni kinyume cha katiba, sababu moja ikiwa haukuwa na sheria kamili ya kuusimamia, na nyingine ni ubaguzi, yaani kwa nini wa mshahara peke yao ndio walipe na mwenye duka kubwa asilipe. Serikali ikapewa muda ikaendelea kukata, ikaenda Mahakama ya Rufaa kuomba muda zaidi, na tarehe 26 Januari 2024 ikanyimwa. Ndio pale waajiri wengi wakaacha. Alafu ikaletwa sheria mpya kabisa, ile ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, Rais Ruto akaitia saini 19 Machi na makato yakarudi kwa mshahara wa mwezi huo huo wa Machi. Watu wakaenda kortini tena, na Oktoba 2024 Mahakama Kuu ikasema hii mpya iko sawa.

Na lile suala la ubaguzi walilitibu kwa kuongeza wengine kwa orodha badala ya kuwatoa waliokuwepo. Siku hizi sheria inasema hata asiye na mshahara, mwenye biashara, fundi, wakili, alipe 1.5% ya mapato yake ghafi. Ghafi, si faida. Mwenye kiosk anayeuza mali ya laki moja na faida yake ni elfu kumi, hesabu yake inaanza kwa ile laki. Kusema kweli hapo mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Swali: Mimi ni soja wa geti, kampuni ya ulinzi, niko Ruaka. Mshahara 18,000. Peislipu yangu ya mwezi jana imeandikwa ushuru wa nyumba 540. Jamaa wa kampuni nyingine analipwa hiyo hiyo 18,000 na anakatwa 270. Nani anaibiwa? – *Soja, Ruaka*

Jibu: Ni wewe, boss wangu. 1.5% ya 18,000 ni 270, na hapo jamaa yako yuko sawa. Hiyo 540 ni 3%, kumaanisha kampuni yako imechukua sehemu yako na sehemu yake zote ikaziweka juu ya mgongo wako. Mwajiri anatakiwa atoe 270 nyingine kutoka mfukoni mwake, hatakiwi kuigusa kwa mshahara wako, na haijalishi mmekubaliana nini kwa mdomo au kama mkataba umeandikwa ati "makato yote ni ya mfanyakazi".

Hii nimeiona mara kadhaa na mara nyingi ni kwa walinzi, watu wa usafi na wafanyakazi wa mashambani, watu ambao peislipu wanapewa wakiuliza tu. Wewe fanya hivi: zikusanye peislipu zote unazoweza, ziwe za karatasi ama meseji, andika kila mwezi umekatwa ngapi na ilitakiwa ngapi, alafu mwandikie mtu wa mishahara, kwa maandishi, ukiuliza tu kwa adabu hiyo 540 imepigwa vipi. Unaweza kukuta ni makosa ya kompyuta na wakarudisha. Wakikuzungusha, ofisi ya leba iko kila kaunti, na kama mna chama cha wafanyakazi nenda na mwakilishi, usiende peke yako ukarudi bila kazi.

Swali: Nakatwa kwa besiki ama kwa grosi? Mshahara wangu: besiki 45,000, nyumba 10,000, usafiri 5,000. Na mwezi wa likizo nilipewa marupurupu ya likizo, wakakata pia hapo. – *Mwalimu wa shule ya kibinafsi, Kisumu*

Jibu: Kwa grosi, mwalimu. Besiki pamoja na marupurupu ya kila mwezi yanayolipwa kwa pesa taslimu, kwa hivyo yako ni 60,000 na makato ni 900. Ukipiga kwa besiki peke yake ungepata 675, na najua kuna shule zinafanya hivyo kwa kutojua, siku KRA wakija kukagua ndio huwa kilio.

Ya likizo sasa ni tofauti. KRA walishaeleza kwamba malipo yasiyo ya kila mwezi, kama ya likizo, bonasi, kiinua mgongo na yale ya kuachishwa kazi, hayaingii. Vile vile vitu ambavyo si pesa, mfano ukipewa gari la kazi. Kwa hivyo mwezi huo wa likizo ilibidi ukatwe zile 900 zako za kawaida, na kilichozidi dai.

Swali: Nimejenga kwangu, Kakamega, vyumba vitatu, nimemaliza hadi rangi. Naomba fomu ya kutolewa. – *Mwenye nyumba, Kakamega*

Jibu: Hongera kwa nyumba mzee wangu. Fomu haiko. Uwe na nyumba kumi za kupangisha ama ulale kwa shemeji, unakatwa tu. Mwenye mogeji benki pia anakatwa.

Swali: Kuna wakati walikuwa wanatoa nafuu ya kodi kwa hii pesa, naona imepotea kwa peislipu. Wamefuta na hii pia? – *Mhasibu mdogo, Industrial Area*

Jibu: Wamefuta na wakaleta kitu kingine, na kwa wengi hicho kingine ni bora kidogo, tena huwa siwasifu ovyo. Zamani ulikuwa unapewa nafuu ya 15% ya mchango wako. Tukichukua yule mwalimu wa juu anayekatwa 900, alikuwa anapunguziwa PAYE kwa shilingi 135. Tangu 27 Desemba 2024 nafuu hiyo haiko, lakini ushuru wa nyumba unatolewa kwa mshahara kwanza kabla PAYE haijapigwa, sawa na vile NSSF na SHIF, ile bima ya afya, zinatolewa. Mwalimu yuko kwa ile bendi ya 30%, kwa hivyo 900 ikitolewa kabla, PAYE yake inashuka kwa 270. Maumivu yake halisi ni 630 badala ya 765.

Angalia sasa upande wa chini. Yule soja wa 18,000 halipi PAYE, maana shilingi 24,000 za kwanza kodi yake inamalizwa na ile nafuu ya kila mtu ya 2,400. Kwa hivyo yeye 270 yake inamuuma yote 270, hakuna kodi ya kupunguziwa. Mtu wa mshahara mkubwa anarudishiwa karibu theluthi kupitia PAYE na mtu wa geti harudishiwi hata shilingi. Ndivyo hesabu ilivyo, na sijaona mwanasiasa akiitaja akiwa juu ya gari.

Swali: Bosi wetu anakata lakini tumesikia hapeleki KRA, biashara imeanguka. Je, nitakosa nyumba juu yake? – *Fundi wa kiwanda, Athi River*

Jibu: Hautakosa, na sababu ni ile ile niliyompa dada wa Nakuru: kupewa nyumba hakuhesabiwi kwa kiasi ulichokatwa. Kungekuwa na akaunti yako ungekuwa na haki ya kulia, lakini haiko. Ingekuwa ni NSSF ningekwambia ukimbie leo hii.

Anayejiumiza ni bosi. Pesa inatakiwa ifike KRA ndani ya siku 9 za kazi baada ya mwezi kuisha, na akichelewa faini ni 3% ya deni kwa kila mwezi. Akiwa na deni la laki moja, kila mwezi ni 3,000 juu. Hata hivyo hiyo ni pesa mliyotoa jasho na yeye ameifanyia mambo mengine, kwa hivyo mkitaka kumripoti KRA mko na haki. Alafu kama hapeleki ya nyumba, mimi ningeangalia haraka sana NSSF na SHIF pia, juu ukilazwa hospitali ndio utajua hajalipa.

Swali: Nina dada wa kazi, namlipa 15,000. Kweli na mimi ni mwajiri? – *Mama wa watoto wawili, Syokimau*

Jibu: Wewe ni mwajiri kabisa, mama. 225 kutoka kwake, 225 kutoka kwako, inalipwa KRA pamoja na ritani ya PAYE hata kama PAYE yake ni sifuri. Wengi wenu mnaoniandikia mnaona hiyo 225 ya dada ni heri mmlipie tu nyinyi wenyewe, na mwajiri akitaka kumbebea mfanyakazi hakuna wa kumkataza. Kinachokatazwa ni ule upande mwingine, wa soja wa Ruaka.

Swali: Niko Doha, dereva. Sina mshahara wa Kenya lakini nataka moja ya hizo nyumba. Kwani ni za wanaokatwa tu? – *Dereva, Qatar*

Jibu: Ndugu yangu, hapa ndio kuna kitu cha akiba cha kweli, sema watu wanakichanganya na yale makato. Kuna mfumo unaitwa Boma Yangu. Mkenya yeyote mwenye kitambulisho na umri wa miaka 18 kwenda juu anajisajili, kwa mtandao au akiwa Kenya kwa kubonyeza *832#, na mko wengi wa ng'ambo mmesajiliwa tayari. Ukishaingia unaweza kuanza kuweka pesa kidogo kidogo ya diposti. Hii ni ya hiari, ina jina lako, balansi unaiona, na ukibadili mawazo kabla hujapewa nyumba unatoa notisi unachukua pesa yako. Ukimsikia mtu anasema "pesa yangu ya nyumba nitarudishiwa", muulize anaongea juu ya ipi.

Kuna anayekatwa kila mwezi na hajawahi kujisajili, anangoja aitwe, na huyo hataitwa. Makato hayakuweki kwa foleni, foleni ni Boma Yangu.

Alafu usidhani kila nyumba ni yako kuchagua. Sheria imewagawa watu kwa kipato: chini ya 20,000 kwa mwezi ni nyumba za kijamii, kati ya 20,000 na 149,000 ni za bei nafuu, zaidi ya 149,000 ni za watu wa kati. Mtu mmoja nyumba moja. Kule Mukuru, Nairobi, funguo za nyumba 1,080 za kwanza zilitolewa 20 Mei 2025, na bedsita kule mtu analipa 3,900 kwa mwezi, na si pesa ya kupanga hiyo, anainunua pole pole. Ukilinganisha na bei ya chumba cha mabati jirani pale unaona mbona watu walilia kwa furaha, na unaona pia mbona aliyekatwa na hakupata analia kivyake. Waliopata ni wachache sana ukiweka na wanaokatwa.

Tahadhari moja juu uko mbali. Mtu yeyote akikupigia ati ana "nafasi" ya Boma Yangu umtumie kwa namba yake ya simu, kata simu.

Swali: Nawasoma nikiwa Arusha. Huku kwetu hakuna makato haya, ila naskia maneno maneno. Siku yakija tuombe yawe ya namna gani? – *Mtumishi wa umma, Arusha*

Jibu: Swali zuri kaka, huku hatukupata nafasi ya kuliuliza mapema. Kwenu NHC, shirika la nyumba la taifa, inajenga tangu 1962 na hamjakatwa mshahara kwa ajili yake, kwa hivyo mna muda wa kujipanga.

Kuna njia mbili kubwa. Moja ni hii yetu, kodi, pesa inaenda kwa kapu moja na serikali inajenga. Ya pili ni mfuko wa akiba wenyewe. Nigeria wana huo tangu 1992, mfanyakazi anakatwa 2.5% ya mshahara wa msingi, pesa inashikwa na benki yao ya mogeji ya serikali, na aliyechangia anaweza kuomba mkopo wa nyumba kwa riba ndogo. Asipoomba, akistaafu ama akifika miaka 60 anarudishiwa mchango wake na riba ya 2%. Ukisikia tu unasema hiyo ndio tamu. Sasa piga hesabu ya hiyo 2% kwa nchi ambayo bei zinapanda kwa kasi kuliko hapo kila mwaka: anachorudishiwa mzee kinanunua kidogo kuliko alichokatwa akiwa kijana. Na wenye kupata huo mkopo nao ni wachache, wengine wanamchangia tu mwenzao.

Singapore ndio watu hupenda kuitaja, mfuko wao wa akiba mwanachama ana akaunti yake na tangu 1968 anaruhusiwa kuutumia kununua nyumba ya serikali. Lakini kule makato ni makubwa mno kuliko haya yetu, na serikali yenyewe ilikuwa na ardhi na ikajenga kwa wingi kweli kweli.

Mimi nikiulizwa, ningechagua akiba yenye akaunti hata kama riba ni ndogo, kwa sababu moja tu: mtu akiona balansi yake anauliza maswali, na wanaosimamia wanajua ataiona. Kwa hiyo siku mswada ukija kwenu nendeni moja kwa moja kwa kipengele cha kurudishiwa, na mkishakiona muangalie tena siku ya mwisho ya kupigiwa kura kama bado kipo.

Swali: Nikipata nyumba alafu niiuze kwa faida, kuna shida? – *Mjanja, Ngara*

Jibu: Angalau umejiita mwenyewe. Hauwezi kuuza bila idhini ya maandishi ya ile bodi inayosimamia nyumba hizo. Ukiandikishana na mtu pembeni kwa wakili wa mtaani, huyo mnunuzi wako hana kitu mkononi, na pesa yake atakuja kuitafuta kwako.